Vitabu kwenye foleni ya mashine: namna ya kuwafikishia kusoma watoto wa wafugaji huku Usangu

Nina mashine ya kusaga na kukoboa, ndani kidogo kutoka Igurusi, wilaya ya Mbarali. Sijawahi kuwa mwalimu. Ninachokijua vizuri ni foleni: nani huja saa ngapi, nani hungoja sana, nani hutumwa peke yake na punda. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na jengo la maktaba wala hauanzi na mfadhili. Unaanza mahali ambapo watoto wameshakaa, hawana la kufanya, wanasubiri unga.

Watoto ninaowasemea hasa ni wa Kimasai na wa Kibarbaig wanaoishi na mifugo pembezoni mwa bonde la Usangu, pamoja na wenzao wa Kisukuma na wa Kisangu wanaokuja nao mashineni. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu inawahesabu Wamasai na Wabarbaig miongoni mwa jamii za asili zinazohitaji kuangaliwa kwa namna ya pekee, na ukiishi nao jirani huhitaji kuelezwa kwa nini. Kule Hanang malisho ya Wabarbaig yaligeuzwa mashamba makubwa ya ngano ya NAFCO, shirika la serikali la kilimo. Huku kwetu, mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa kwenye ardhioevu ya Ihefu, wengine wakaishia Lindi na ng'ombe wao, na mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mtoto wa familia za namna hii anaweza kuanza darasa la kwanza kijiji hiki na asilimalizie hapa. Ada ya shule ya msingi iliondolewa 2001, lakini ada haikuwa kizuizi peke yake. Shule iko mbali, ndama wanataka mtu wa kukaa nao, na darasani kinasemwa Kiswahili ambacho bomani kwao hakisemwi.

Basi mtoto huyu usimwite aje kwenye kitabu. Kifikishe kitabu chako mpaka anapongoja.

Kuchagua foleni

Siyo kila mahali penye watoto panafaa. Mnadani kuna kelele, vumbi, wanywaji, na wazee wana haraka ya kuuza. Pale nenda kuzungumza na akina baba, vitabu viache nyumbani. Lamboni kuna maji na matope, na mvulana aliye lamboni yuko kazini, akizubaa ng'ombe wanaingia shamba la mtu na kesi inaanza. Joshoni vivyo hivyo. Kliniki, siku ya kupima uzito wa watoto wachanga, panafaa sana kwa wale wadogo kabisa wanaofuatana na mama zao, ila siku hiyo ni moja kwa mwezi.

Mashine inazishinda zote. Anayeletwa au kutumwa pale hukaa saa nzima, pengine mbili, na umeme ukikatika hukaa mpaka jioni. Kuna kivuli. Kuna mtu mzima yuleyule kila siku anayezijua sura. Na wasichana wanakuja, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu josho.

Kama mashine si yako, zungumza na mwenyewe kwa lugha ya mwenye mashine. Usimweleze habari za maendeleo. Mwambie kuhusu mikanda. Kila mwenye mashine anaogopa mtoto atakayesogeza mkono kwenye mkanda unaozunguka, au atakayechezea pumba chini ya kinu. Mtoto aliyekaa barazani na kitabu ni mtoto aliye mbali na mkanda. Nimewaambia wenzangu wawili wenye mashine maneno hayohayo na wote walitoa benchi siku ileile.

Ruhusa, na swali la akina baba

Nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kwanza, halafu kwa mtendaji wa kijiji. Usiende kinyumenyume, mwenyekiti ataona umempita. Kwa Wamasai kuna laigwanani, kiongozi wao wa kimila. Huyo asiposikia habari kutoka kwako atazisikia kutoka kwa mtu mwingine zikiwa zimepinda. Mwalimu mkuu wa shule iliyo karibu naye aambiwe, maana watoto watakaoanza kupenda kusoma watahitaji mlango wa kuingilia. Aliyepitisha umri wa darasa la kwanza kuna mpango wa MEMKWA, uliowekwa kwa ajili ya watoto walioikosa elimu ya msingi, na vitongoji vilivyo mbali vingine vina shule shikizi, yaani tawi dogo la shule kubwa iliyo mbali. Muulize mwalimu mkuu kipi kipo kwenu, uandike jina la mtu wa kumwona.

Swali utakaloulizwa na baba mwenye ng'ombe ni moja: huyu ni wa kuchunga, kitabu cha nini? Usijibu kwa kumwambia mwanawe atakuwa daktari. Hakuulizi habari za miaka ishirini ijayo. Chukua chupa ya dawa ya kuogeshea mifugo na umwonyeshe kibandiko chake. Pale pameandikwa uchanganye kiasi gani na maji kiasi gani, na baada ya kutibu ungoje siku ngapi kabla ya kunywa maziwa au kuchinja. Mwulize nani hapo bomani anamsomea. Mara nyingi atakutajia muuza dawa, yaani yuleyule anayetaka auze chupa nyingine. Sijui hoja nyingine inayomwingia mzee wa Kibarbaig haraka kiasi hicho. Stakabadhi ya mnada, namba ya hereni ya ng'ombe, kadi ya kliniki ya mtoto, vyote ni vya kusoma.

Akina mama hawaulizi swali hilo. Wao huuliza kama mtoto atachelewesha unga.

Ndoo ya rangi

Watu wakisikia maktaba wanafikiria kabati lenye kioo. Kabati lina kufuli, kufuli ina ufunguo, ufunguo una mtu, na mtu huyo ameenda semina. Nimeona vitabu vizuri vya Kiswahili, vipya, vinanukia wino, vimekaa stoo ya shule vikilindwa visichafuke huku watoto wenyewe wakisomea ubaoni. Kitabu kinachoogopewa kuchafuka hakijafika kwa mtoto.

Tafuta ndoo tupu za rangi ya nyumba, zile za lita 20 zenye mfuniko unaobana. Fundi rangi atakuuzia kwa bei ndogo au atakupa tu. Zisugue kwa mchanga na sabuni, zianike wazi mpaka harufu iishe kabisa. Ndoo moja inabeba vitabu vidogo vingi vikisimamishwa wima. Mfuniko unazuia maadui watatu wa kitabu mahali kama hapa: vumbi la pumba, ambalo huingia mpaka katikati ya kurasa na kuzifanya zikwaruze, mvua ya upepo, na panya. Jioni mashine ikizimwa, ndoo zinaingia ndani pamoja na mzani. Ikitakiwa kwenda kitongoji cha pili inafungwa nyuma ya bodaboda kwa mpira, basi.

Ndoo ziwekwe barazani, upande upepo unakotoka. Ukiziweka upande pumba zinakopeperukia utakuwa unapangusa vitabu kutwa. Tandika turubai au mikeka. Benchi ni la wakubwa. Watoto husoma vizuri zaidi wakiwa chini, vichwa vimekaribiana.

Vitabu gani, na vya kukataa

Anza na vichache. Kwa mtoto asiyesoma bado, kitabu kizuri ni chenye sentensi moja au mbili kwa ukurasa, herufi kubwa, na picha ya kitu anachokijua. Angalia picha kabla ya maneno. Kitabu cha mtoto anayefungua jokofu na kukaa mezani kwa uma na kisu kinaweza kusubiri. Kitabu cha fisi, mbuzi, mvua iliyochelewa, bibi anayekamua, hicho kitaliwa siku ya kwanza.

Vya dukani vya Kiswahili vipo. Wachapishaji kama Mkuki na Nyota na E&D Vision wana vitabu vya watoto, na Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza 1991, umesaidia vingi kuandikwa na kuchapwa hapa nchini. Ukipanda Mbeya mjini ingia Maktaba ya Mkoa, iliyo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Nenda na daftari, kaa chumba cha watoto, fungua vitabu kimoja kimoja na uandike majina ya vile ambavyo watoto waliomo humo wanavigombania. Mkutubi mwulize namna ya kushona kitabu kilichochanika. Wanajua, na hufurahi kuulizwa. Iringa nako maktaba ya mkoa ipo, kwa walio upande wa Pawaga na Idodi, ambako wafugaji ni wengi vilevile.

Vitabu vya kiada anavyohitaji mwanafunzi aliyekwisha kuandikishwa vinasomeka bure kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, kwa simu. Mimi huvitumia kwa wale wa darasa la tatu na kuendelea wanaoleta maswali. Mtoto mdogo simpi simu, anaishia kwenye michezo.

Na utapewa misaada. Siku moja litakuja boksi la vitabu vya Kiingereza kutoka mbali, vizito, vyenye theluji. Pokea kwa adabu, kisha chambua bila huruma. Vya picha tupu za wanyama baki navyo. Vinavyobaki mpe mwalimu wa sekondari, huko Kiingereza ndiyo lugha ya kufundishia na vitapata mtu. Usijaze ndoo ili ionekane imejaa. Mtoto akitoa vitabu vitatu mfululizo visivyomwambia kitu, cha nne hatatoa.

Kujitengenezea kitabu

Hapa ndipo nakaa sana, kwa sababu kitabu cha kutengeneza mwenyewe ndicho kinachoazimwa kuliko vyote na ndicho rahisi kukitengeneza upya kikipotea.

Hadithi za kuchapa bure zipo kwenye intaneti. African Storybook, iliyoanzishwa Afrika Kusini, ina hadithi fupi za watoto kwa Kiswahili na lugha nyingine nyingi za Afrika. StoryWeaver ya Pratham Books kutoka India nayo ina za Kiswahili. Leseni zake zinaruhusu kuchapa na kugawa, ilimradi majina ya waliotunga na waliochora yabaki pale yalipo. Usiyafute ili kuokoa wino.

Steshenari watakuchapia kurasa moja moja kwenye karatasi nzima, na utalipa nyingi. Waambie wachapishe kurasa mbili upande mmoja wa karatasi ya A4 iliyolala, halafu mbili nyuma yake. Karatasi moja ikikunjwa katikati inatoa kurasa nne, kwa hiyo hadithi ya kurasa 16 inakula karatasi nne tu. Kinachowachanganya vijana wa steshenari ni mpangilio. Kanuni ni hii: namba mbili zinazokaa upande mmoja lazima jumla yake iwe idadi ya kurasa ukiongeza moja. Kwa kitabu cha kurasa 16, jumla ni 17. Karatasi ya nje ina 16 na 1 mbele, 2 na 15 nyuma. Inayofuata ina 14 na 3, nyuma 4 na 13. Ya tatu ina 12 na 5, nyuma 6 na 11. Ya katikati kabisa ina 10 na 7, nyuma 8 na 9. Andika hivi kwenye kipande cha karatasi umpe, usimwelekeze kwa mdomo.

Kunja zote pamoja. Kwa sindano ya magunia toboa matundu matatu kwenye mkunjo, moja katikati na moja kila upande. Pitisha uzi wa nailoni, ule tunaoshonea viroba, kuanzia tundu la kati kwa ndani, nje, rudi, funga fundo ndani. Stepla ni haraka lakini vyuma vyake vinapata kutu masika na kutoboa vidole vidogo. Jalada liwe la karatasi ngumu, na juu yake selotepu pana uti wote wa kitabu.

Usitumie gundi ya uji wa unga. Najua ni bure, na kwangu unga haukosekani. Panya na mende wataula uti wa kitabu kwa usiku mmoja.

Sasa hadithi zenyewe za kwao. Kwa Kibarbaig sikungoja intaneti. Bibi mwenye hadithi anakuja kusaga kila wiki. Mwombe asimulie kwa lugha yake akiwa amekaa na wajukuu, mrekodi kwa simu kwa ruhusa yake, kisha tafuta kijana aliyefika angalau kidato cha pili na anayeijua lugha hiyo aiandike. Andika kila ukurasa lugha zote mbili: juu ya kwao, chini Kiswahili. Watoto wachore picha wenyewe kwa peni nyeusi, penseli haitoki kwenye kopi. Mbele ya kitabu andika jina la bibi aliyesimulia, akikubali. Muulize pia kama kuna hadithi zisizosimuliwa mchana au mbele ya wageni. Zipo, na hizo ziache.

Kuhusu tahajia ya lugha zisizoandikwa sana, wataalamu wana namna zao na Kimasai kimeandikwa siku nyingi. Kwa kitabu cha kwanza cha mashineni, andika inavyosikika kwa herufi za Kiswahili, mwite bibi, mwambie kijana amsomee. Bibi akicheka pale panapochekesha, imeandikwa sawa.

Kuanza na majina ya ng'ombe

Mtoto wa Kisangu anapokuja kwenye Kiswahili ana mtaji tayari. Lugha yake ni ya Kibantu, ameshazoea neno kubadilika mwanzoni, mtu kuwa watu, mti kuwa miti. Kimasai na Kibarbaig ni za Kiniloti, hazina ngeli za namna hiyo. Kwa hiyo kijana atakusomea vizuri ukurasa mzima halafu akuambie kwamba ng'ombe kimekunywa maji. Usimkatishe. Amesoma, na ngeli zitakuja kwa kusikia. Anayesema lafiki badala ya rafiki naye mwache aendelee, mradi jicho lake liko kwenye neno hilohilo.

Badala ya kuanza na a, e, i, o, u ubaoni, mimi huanza na ng'ombe. Watoto hawa wanajua majina ya ng'ombe wa nyumbani kwao wote. Mwambie akutajie watatu anaowapenda. Kwa Wamasai majina mengi hufuata rangi, kwa mfano jike jeusi Narok, jeupe Naibor. Kata boksi la sabuni vipande, andika jina moja kila kipande kwa maka peni, herufi kubwa za kutosha, na umpe. Hivyo ni vyake. Hutamwona akivipoteza. Kesho yake, au wiki ijayo kwa kuwa punda haji kila siku, changanya vipande vyake na vya mwenzake, na uone kama atawachambua ng'ombe wake. Atawachambua.

Kutoka hapo unaingia kwenye silabi bila kugombana na mtu. Funika sehemu ya jina kwa kidole, ibaki na. Halafu ne, ni, no, nu. Toka Naibor chukua bo, umpe ba, be, bi, bu. Akishakuwa na hizo kumi anasoma nani, nane, bibi, bunibuni za kuchekesha zisizo na maana, na watoto hupenda zisizo na maana kuliko zenye maana. Shuleni atakuta silabi hizihizi kwenye masomo ya kusoma na kuandika ya darasa la kwanza na la pili, hatakuwa mgeni.

Watoto ambao hawana ng'ombe tumia majina yao wenyewe, au ya mbwa. Inafanya kazi, ingawa siyo kwa moto uleule.

Kusoma kwa sauti

Mara moja kwa siku, foleni ikiwa ndefu, zima redio na usome kwa sauti. Dakika kumi na tano zinatosha. Mashine ya jirani ikinguruma usishindane nayo, ngoja. Shika kitabu kikiwatazama wao, na ufuatishe maneno kwa kitu chembamba. Mimi natumia unyoya wa kanga kwa sababu kidole kinaziba maneno na kijiti kinatoboa karatasi. Soma ukurasa mmoja kwa Kiswahili, kisha msichana mkubwa ausimulie kwa Kimasai, mwingine kwa Kibarbaig. Inachukua muda mara tatu. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Mtoto aliyeipata hadithi kwa lugha yake atakirudia kitabu hichohicho peke yake akitafuta ni wapi fisi aliangukia.

Usiwaulize maswali ya mtihani ukimaliza. Wakubwa walio foleni ndio wataanza kubishana kama sungura alifanya haki, na watoto watasikiliza.

Jambo dogo: mtoto wa Kimasai akifika atakuinamishia kichwa. Mguse utosini kwanza ndipo umpe kitabu. Ukimnyooshea kitabu kabla ya salamu atakipokea, lakini mama yake ameona.

Kuazima

Kaunta buku moja, safu nne: jina la mtoto, boma la nani, kitabu, tarehe. Asiyejua kuandika achore alama yake, na alama hiyo ibaki ileile mpaka siku atakapoandika jina. Kitabu kiende kwenye kiroba kidogo cha sandarusi chenye kamba ya kuvaa begani, maana mikono ina fimbo na kamba ya punda. Cherehani ikikupitia, viroba vya sukari vya kilo 25 vinatoa vinne kila kimoja.

Usitoze faini. Ukitoza hata shilingi mia, kitabu kilicholowa hakitarudi na mtoto naye hatarudi. Kilicholowa kisianikwe juani. Weka magazeti kati ya kurasa, bana kwa jiwe kivulini, badilisha magazeti mpaka kikauke.

Familia zikihama kiangazi kufuata malisho, usizuie vitabu. Wape kiroba chenye vitano au sita, uandike wanaelekea wapi, na kama upande ule unamjua mwenye mashine mpigie simu umwambie watoto wanakuja. Vingine hurudi na mvua. Vingine nimesikia vinasomwa mahali sijafika.

Mwezi wa sita hadi wa nane

Mpunga ukianza kuingia, mwenye mashine hana dakika kumi na tano za mtu yeyote. Foleni ndiyo ndefu kuliko wakati wote wa mwaka, watoto ndio wengi, na wewe umefunikwa na pumba mpaka kope. Hapo lazima kuwe na msomaji mwingine. Chagua mapema wasichana wawili wa madarasa ya juu waje jioni na Jumamosi. Baada ya mtihani wa darasa la saba mwezi wa tisa wanakuwa nyumbani mpaka Januari wakingoja matokeo na kuingia sekondari, na hao ndio wasomaji bora utakaowapata, kwa sababu bado wana hasira ya kusoma na hawana kitabu.

Walipe. Mimi hulipa kwa chenga za mchele kila Jumamosi. Msimu uliopita mama mmoja aliomba bintiye alipwe pumba laini badala ya chenga, kwa ajili ya ndama wao. Tulipimiana debe kwa debe, na nikaandika kwenye kaunta buku ileile, ukurasa wa nyuma.